Mkono wa Hoshim Aka na Plagi Zake

Jumamosi hii, tarehe 31 Mei, Hoshim Qobilov, fundi mkuu wa plagi za magari katika karakana yetu ya mjini Margilan, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Nimeombwa niandike mazuri yake. Naanza nayo, maana hayatachukua nafasi kubwa. Hajawahi kuchelewa kazini wala kukosa chai. Tena anajua kuchagua tikiti kwa kuligonga kwa kidole, na laiti angeridhika na matikiti.

Aliingia kazini enzi za magari yaliyovumilia kila kitu. Plagi ikichafuka, aliisugua kwa msasa, akaichoma kwenye jiko la chai mpaka ikawa nyekundu, akaigonga kwenye kisigino cha kiatu ili kupunguza pengo la cheche, kisha akairudisha. Gari likawaka. Tangu siku hiyo akaamini amemaliza kujifunza. Zikaja injini mpya, zenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ya alumini laini na plagi zenye ncha nyembamba kama sindano, ambazo pengo lake hupangwa kiwandani na haliguswi. Yeye akaona ni plagi zenye madeko tu. Akazisugua, akazichoma, akazigonga kisigino.

Magari ya hapa karibu yote yanatumia gesi, na gesi huitesa plagi kuliko petroli. Ukiweka isiyofaa, gari linakohoa kila likiona mlima. Hoshim aka, kaka mkubwa kama tunavyomwita kwa heshima, alichagua kwa rangi ya boksi. Alipenda la bluu. Mteja akithubutu kuuliza kitabu cha gari kinasemaje, alijibiwa, “Kitabu hakijawahi kuendesha gari, mdogo wangu.” Mteja alicheka, akaondoka ameridhika, na mwaka uliofuata akarudi na shemeji yake.

Kufungua plagi injini ikiwa bado ya moto, jambo linalong'oa thredi, zile njia za skrubu kwenye tundu la alumini, kwake ulikuwa ushujaa. Spana ya kupimia mkazo aliiita mwanasesere. Yeye alikaza mpaka mshipa wa shingo umtoke, na mshipa huo ndio uliokuwa kipimo.

Mtauliza, mbona wateja wanamsifu mpaka mji wa Kokand? Ni kwa sababu ya adabu zetu. Hapa mkubwa hakosolewi. Hupewa mto wa kuegemea na kipande cha nyama kilichonona. Kwa hiyo kila Hoshim aka alipokwenda kuswali adhuhuri na kula, na injini imeshapoa, fundi Zokir aliinama chini ya boneti akazitoa plagi zote. Aliweka mpya zinazostahili, akazianza kwa vidole, akamalizia kwa spana ya kipimo. Mimi, mtunza stoo, ndiye niliyezitoa hizo mpya stoo kimyakimya. Hoshim aka akirudi, aliwasha gari, likanguruma vizuri, naye akatugeukia kifua mbele.

“Mmesikia? Huo ndio mkono wa fundi!”

“Mkono huo, aka!” tuliitikia kwa makofi, kundi zima la watu wazima wenye akili zao.

Mwezi uliopita, tukiwa tumezunguka sinia la pilau, alitangaza kwamba hatastaafu akakae bure. Chuo cha ufundi kimemwomba akafundishe vijana kubadilisha plagi, na amekubali kuanza Septemba. Mikono yote ikasimama kwenye sinia. Zokir ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

“Aka, huko nani atakuwa anazirudia?”

“Anarudia nini?”

Zokir alinyanyuka, akaliendea gari jeupe ambalo Hoshim aka alilitengeneza asubuhi ile na yeye Zokir alikuwa bado hajalirudia. Akatoa plagi moja, akamwekea mkononi. Ncha ilikuwa imevunjika na kauri ina ufa.

“Ni gari hili tu?” Hoshim aka aliuliza.

“Yote, aka.”

“Tangu lini?”

“Tangu nilipoajiriwa.”

Tulijua atamvaa Zokir. Badala yake alitugeukia sisi sote, na sauti yake ilikuwa ndogo.

“Zokir alipokuja hapa nilikuwa na ndevu nyeusi. Kichwa kilikuwa bado chepesi. Mngeniambia, ningejifunza.”

Pilau ilipoa pale pale kwenye sinia.

Dharau yote niliyomimina katika wasifu huu, sasa sijui niimwagie nani. Alikuwa mkaidi, sibishi. Lakini hakuna kati yetu aliyewahi kumpa nafasi ya kukaidi. Ameomba chuo kimsubiri. Tangu siku ile anakuja mapema, anafunga plagi huku Zokir amesimama pembeni yake, anakosea, anaambiwa, anaguna, anaanza upya. Inauma kumtazama, maana anashika upesi.

Hoshim aka, asante kwa miaka yote hii, na samahani kwa makofi. Tunakutakia maisha mema, afya, na matikiti matamu. Na wewe utakayeketi karibu naye kwenye sherehe ya kumuaga, ukimwona anakosea chochote, mwambie palepale.