Ndoano Kwenye Orodha Mama

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, manyunyu yakikatika, tulipoketi watatu kwenye benchi lililo mkabala na zahanati: Seremala, Njia Fupi, kama tulivyomwita mwandishi wa programu za kompyuta za zahanati, na mimi, karani wa masjala. Birika la kahawa lilikuwa nusu. Wiki sita kabla, Njia Fupi alikuwa ameiongezea orodha mama, ambayo orodha zote za zahanati hurithi uwezo wake, amri moja: ondoa marudio. Mistari miwili ikifanana katika safu mbili za kwanza, wa pili hauchapishwi.

— Niliiandika kwa ajili ya dawa, alisema. Jina la dawa na namba ya toleo vikifanana, ni boksi lile lile. Sasa kwa nini kila orodha niiandikie upya?

— Ndugu yangu, akasema Seremala, mimi nikitaka ndoano ya koti, naipigilia kwenye kabati. Wewe umeipigilia kwenye gogo!

— Kwa hiyo kila kabati litatoka na ndoano, nikasema.

— Na meza. Na kitanda. Na jeneza, bwana! Marehemu atatundika nini?

— Ndoano haimdhuru mtu, Njia Fupi akajibu. Na hii inajiendesha yenyewe kila orodha inapochapishwa.

— Yenyewe? Basi siku moja itatukuta hapa tuna kofia za kufanana, itufute wawili!

Muuguzi wa chanjo akavuka barabara, karatasi mkononi.

— Samahanini, kaka zangu. Kuna mama amekuja na mapacha. Kwenye orodha yumo mmoja tu.

Njia Fupi akaweka kikombe chini.

— Safu ya kwanza ni nini, dada?

— Jina la mama.

— Ya pili?

— Tarehe ya kuzaliwa.

Seremala akavua kofia. Muuguzi akaendelea, sauti ikishuka:

— Mama wengine wa mapacha niliwaambia zamu ya mtoto wa pili bado, kwa sababu hakuwa kwenye orodha. Huyu amegoma kuondoka. Walioondoka kimya ni wangapi?

Njia Fupi alifungua kompyuta magotini, akaiondoa amri kwenye orodha mama, akaihamishia kwenye orodha ya dawa peke yake, kisha akaingia ndani kuchapisha upya orodha za chanjo za wiki sita. Kahawa ilipoa. Alinikabidhi karatasi bila kunitazama. Nililinganisha za zamani na mpya, mstari kwa mstari, mara mbili, kwa kalamu.

Watoto kumi na tisa.