Kiu ya Picha

Kwenye basi, kijana mwenye mabega mapana kama mlango alikumbatia chupa ya maji bila kuifungua. Bibi aliyekaa naye, asiyemjua, akamuuliza kulikoni. "Nimetoka kupigwa picha za misuli, bibi. Sijanywa tangu jana, ili ngozi igande kwenye misuli. Mpiga picha kasema nisubiri ahakikishe zimetoka vizuri." "Kwani kiu ni yake?"

Ujumbe ukaingia kwenye simu: zimetoka. Kijana akashusha pumzi, akaimaliza chupa kwa mkupuo mmoja; hata mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao, nisiyehusika, nikapata nafuu. Akamwonyesha bibi picha. "Misuli naiona, mjukuu wangu. Lakini uso huu unatafuta bomba." "Huo ndio uso wa bingwa, bibi."

Basi likasimama. Bibi akashuka akitikisa kichwa, akamwachia na chupa yake mwenyewe ya maji.