Mama Mpangaji Aliyemfelisha Mumewe

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjaongeza sauti, hebu tazameni redio yenu imechomekwa wapi. Kama imechangia soketi na pasi, friji na chaja tatu za simu, basi mwanamke tunayemkumbuka leo angewagombeza kwanza, salamu baadaye. Alifariki Jumanne, kwa maradhi ya figo. Alikuwa mwalimu wa mafundi umeme. Chuoni walimwita Mama Mpangaji.

Somo lake lilikuwa kuchora umeme wa majumbani ulio salama. Narudia, kuchora. Kabla fundi hajatoboa ukuta, akae chini na karatasi yake aamue: soketi ngapi, waya wa unene gani, na hitilafu ikitokea, nini kitaukata umeme kabla haujamfikia mtu.

Jina la Mpangaji lilitokana na mtihani wake. Mwanafunzi akishabandika mchoro ubaoni, mwalimu anatoka nje. Anarudi amevaa aproni, kapu mkononi. Mna pasi humo, mna birika la umeme, jiko dogo, na waya mrefu wa ekstensheni. Anabisha hodi.

"Fundi, nimehamia leo. Vitu vyangu niviweke wapi?"

Hapo wanafunzi jasho lilianza kuwatoka. "Mama alikuwa mpangaji msumbufu hujapata kuona," anasema binti yake mkubwa, huku akicheka na kufuta macho. "Anasahau kuchomoa. Anapitisha waya chini ya zulia. Ukimwambia asifanye hivyo, anakujibu, mtoto ana homa, nataka maji ya moto sasa hivi."

Wanafunzi walilalamika kwamba hakuna mtu mzembe kiasi hicho. Yeye aliwajibu vile vile kila mwaka: "Msimchoree mtu mwangalifu. Mchoreeni mtu aliyechoka."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Mume wa mwalimu huyu naye ni fundi umeme, mkongwe, mikono yake inajulikana mtaani. Mwaka mmoja ikatoka kanuni mpya: hakuna fundi kupewa jengo bila cheti cha uchoraji salama. Mume alikuwa ameahidiwa kazi kubwa, hosteli ya wauguzi. Mkandarasi alisubiri cheti tu. Na cheti kilitolewa kwenye darasa la mkewe.

"Niliingia kifua mbele," anatuambia mzee mwenyewe. "Nikajua hapa niko nyumbani."

Mchoro wake ulikuwa na soketi moja tu jikoni, na waya wake ulikuwa ule ule mwembamba wa taa. Hodi ikabishwa. Mpangaji akajifanya anachomeka friji. Akauliza birika liende wapi.

"Chomoa friji kwanza," mume akasema.

"Nimesahau, fundi. Nimevuta ekstensheni kutoka sebuleni, nikachomeka birika na jiko pamoja."

Darasa likaangua kicheko. Mume akapandwa na hasira. "Mpangaji wa namna hiyo afukuzwe!"

"Mfukuze," mkewe akajibu. "Nyumba imeshaungua."

Akamfelisha. Ndiyo, alimfelisha mumewe. Ili watu wasiseme, alimpa mwalimu mwenzake mchoro ule ausahihishe upya. Naye akaandika vile vile: amefeli. Hosteli ikaenda kwa fundi mwingine.

Nyumba ikanuna. Walikula kwa mshahara wa mama peke yake, na baba hakumsemesha. "Akitaka chumvi," anakumbuka binti, "ananituma mimi nikamwombe mama. Na mama amekaa mbele yake!"

Mwalimu hakubadilisha alama. Tulipouliza kama kufeli huko kuliyumbisha ndoa, mzee hakuficha. Akasema iliyumba kweli. Aliwahi kufungasha nguo zake.

Kilichomzuia ni birika. Kwa kuwa hakuwa na kazi, yeye ndiye aliyebaki na watoto. Asubuhi moja alikuwa anapiga pasi sare za shule, chai haijachemka, mdogo analia. Soketi ya jikoni ilikuwa na friji. Akavuta ekstensheni kutoka sebuleni, akaipitisha mlangoni. Mtoto akajikwaa. Birika likaanguka, maji ya moto yakatapakaa sakafuni, yakaishia kwenye ncha za viatu vya mtoto. Hakuungua. Lakini baba yake alichomoa waya, akakaa chini palepale mlangoni.

"Waya ule niliuvuta mimi," anasema. "Mimi, fundi."

Mkewe aliporudi jioni, alimpokea mkoba, akamwambia maneno ya kwanza baada ya majuma mengi: "Mpangaji ni mimi."

Akamsimulia habari ya birika. Mama hakucheka. Alimkagua mtoto miguu, kisha akafungua mkoba. "Kukusaidia, sikusaidii," akasema. "Lakini rula chukua."

Mume alirudia mtihani, akafaulu. Ameshafunga umeme kwenye nyumba nyingi tangu siku hizo, na jikoni haweki tena soketi moja.

Wasikilizaji wapendwa, kazi ya mama huyu ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Watoto wanaamka, wanakwenda shule, hakuna anayejua kuna kitu kiliepushwa. Usiku wa leo tumkumbuke yule aliyewahi kutunyima alama, sahihi au ruhusa kwa sababu alitutakia mema. Kama bado yu hai, apigiwe simu.

Poleni watoto. Poleni walimu na wanafunzi wa chuo. Na wewe mzee, tulipokuwa tunaagana ulitushika mkono, ukasema: "Wote wananipa pole kwa kufiwa na mke. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba nimefiwa na mwalimu."

Pole sana, fundi. Pole kwa kufiwa na mwalimu wako.