Kuuza ya Kwetu

Karibieni, batoto bangu, kila mutu akae penye nitamuona uso. Noël, zima ile redio. Carelle, wacha sosepani, nsima haitakimbia, kuja ukae hapa karibu na kichwa yangu, juu sauti yangu leo iko ndogo na maneno ya leo inakuhusu weye sana. Na we Vainqueur, mutoto wa marehemu ndugu yangu Honoré, usisimame ku mulango kama mugeni. Mi njo nilikulea. Kaa mbele, hata kama nikimaliza kusema utataka kutoka.

Mi Gaspard, fundi wa nguo, mutu wa Bukavu, miaka kumi na tatu hapa kambini Dzaleka, Malawi, naona kitambaa yangu imefika ku pindo. Daktari aliniambia bila kuzunguka na sina hasira naye. Vitu vyangu ni kidogo, hamutagombana. Nyumba ni ya Noël na Carelle, na yale mabati mapya ya upande wa jikoni musikubali mutu ayatoe, nilishayalipa. Kitanda ni ya Vainqueur. Masini ya kushona nitaisema nyuma, juu haiko yangu vile munafikiri. Koti yangu ya kahawia musinizike nayo. Narudilia: musinizike nayo, na musimupe mutu yeyote, mupaka mufungue bitana yake.

Sasa sikilizeni habari yenyewe, na musinikatize.

Mwaka wa elfu mbili na ine, bantu ba bunduki balipoingia mu mutaa yetu kule Bukavu, balikamata banaume kumi na mbili, bakatupanga ku ukuta ya duka ya Gélase. Huyu Gélase alikuwa mufanyabiashara wa vitambaa, mi nilikuwa namushonea. Yeye hawakumukamata, alikuwa ndani. Angeweza kukaa ndani. Lakini alifungua mulango, akatoka na mikono juu, akamuambia mukubwa wao: "Kamateni vyote, vitambaa, masini tatu ya kushona, pikipiki, muniachie hawa bantu." Yule mukubwa alicheka, akaingia kuangalia, akatoka akasema ile mali inatosha bantu kumi na mumoja, wa kumi na mbili anabaki. Basi Gélase akatuuza, mumoja mumoja, kwa jasho yake ya miaka makumi mbili. Noël na Vainqueur, nyinyi munaelewa: kwetu kuuza ni kutoa mali yako ili upate kitu, ile bengine banaita kununua, na ile ya kutoa kitu ili upate pesa tunaiita kuuzisha. Gélase alituuza. Mi nilikuwa mu bale kumi na mumoja. Honoré alibaki ku ukuta.

Vainqueur, nilikuambia tangu utoto wako kwamba Gélase njo alimuacha baba yako. Iweke kando kwanza. Nitaifikia, nikipata nguvu.

Tulikimbia, tukafika hapa, na Gélase naye akafika, hana kitu, na binti yake Vénérande. Mutu aliyekuwa na duka akawa anauzisha sabuni ku soko ya Lumbadzi, anaenda na baiskeli, anarudi na vumbi mupaka ndani ya masikio. Miaka yote ile hakumuambia mutu hapa kambini kile alitufanyia. Bale wengine aliowauza, wengine balikufa, wengine balipelekwa Kanada na Amerika, na mushahidi wa ile siku hapa Dzaleka nikabaki mi peke yangu.

Halafu ikafika mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. We Carelle, mutoto wa Bujumbura, ulikuwa umeolewa na Noël, umesoma mambo ya kompyuta hapa kambini, umepata kazi Lilongwe kwenye duka la kutengeneza simu. Bazee tulikuwa tunalia juu ya madaftari yetu, kwamba majina ya bantu betu na mambo yaliyobapata inaliwa na muchwa, inaloa mvua. Ukatuambia kuna kitabu inaitwa blokcheni, ile ya bitkoini, na kopi yake iko mu maelfu ya kompyuta ya dunia nzima, na kile kimeandikwa mule hakuna serikali, hakuna moto, hakuna hata mwenye kukiandika anayeweza kukifuta. Bazee balipiga makofi. Mi niliuliza kama mutu akikosea herufi. Ulicheka, ukasema, "Papa, ukikosea, unaandika ingine nyuma yake, lakini ile ya kwanza inabaki." Na ukatuambia kila mustari ni herufi makumi nane, pamoja na nafasi, haipiti.

Mi fundi, kipimo hainitishi. Bakanichagua nikate maneno ya wote iingie mu makumi nane. Nilikata ya bazee arobaini bila shida. Nilipofika ku Gélase, nilikuambia uandike: "Gelase aliuza bantu 11, Bukavu 2004."

Unakumbuka, Carelle? Vidole vyako vilisimama. Ukaniangalia, ukaniuliza, "Papa, ni kuuza ya kwenu ao ya kwetu?" Uliuliza vizuri, na heshima, juu mu Swahili ya kwenu, na ya Tanzania, na ya karibu dunia yote, mutu aliyeuza bantu ni Yuda. Mi nilisikia ulizo yako. Nilielewa ulizo yako. Nikakujibu, "Kuuza ni kuuza. Andika vile nimesema." Ukaandika, juu mukwe habishani na baba.

Nimejidanganya muda murefu kwamba ni kipimo. Hapana. Nilihesabu: ule mustari ni herufi makumi tatu na sita. Kitambaa ilibaki arobaini na ine. Ningeweza kuandika alituokoa, na nafasi ingebaki ya kuandika na asante.

Mukaja kuionyesha ku ukuta ya kanisa, na ile masini ya mwanga, bantu bamejaa mupaka inje, kila mustari unapita na bantu banasema amina. Ulipofika ule, muzee Nizigiyimana, musomaji wetu, Murundi, alisoma kwa sauti, akarudi nyuma ku neno aliuza, akalisoma tena. Hakuna amina. Gélase alikuwa amekaa benchi ya pili na shati nilimushonea mwenyewe. Hakukasirika. Aligeuka tu akaniangalia, anangojea, kama mutu anangojea chenji yake, ana uhakika itakuja. Na bantu ba Bukavu nabo baliniangalia, juu mi njo mushahidi, niseme ni kuuza gani. Mi niliangalia viatu yangu.

Toka ile siku hakuna aliyetaka sabuni yake. Balimutoa mu bazee ba kanisa. Batoto balimuimbia njiani. Bantu balikuwa banafungua simu, banatafuta namba ya ule mustari, banaonyeshana, banasema kama ni uongo ingefutwa, na hawajui kwamba mule uongo na kweli vinalala kitanda moja. Carelle, ulikuja kwangu mara mbili, ukalia, ukaniuliza tuandike ingine nyuma yake. Nilikuambia ngoja. Miaka mbili nilikuambia ngoja.

Mwezi wa tano mwaka huu Gélase alilala hospitali ya Likuni, na nilienda kumuona, mara moja tu. Alikuwa amebaki mifupa. Alinishika hii mukono, akasema, "Gaspard, mi nilikuuza. Sikukuuzisha." Maneno yake ni ile tu. Nami nilimujibu nini? Nilimuambia, "Pumzika, muzee." Nikapanda minibasi nikarudi. Alikufa siku ya tatu, na ku mazishi tulikuwa bantu sita.

Munipe maji kidogo.

Vainqueur. Angalia mi. Bale kumi balikuwa bameshavuka barabara. Tulibaki mi na baba yako. Gélase alimushika Honoré mukono, alimushika kabisa, juu Honoré alikuwa na weye wa miezi saba na Noël wangu alikuwa tayari mukubwa. Mi njo niliingia katikati. Nilimusukuma ndugu yangu na bega hii, nikashika ule mukono ya Gélase, na basoda balicheka, bakasema basi imetosha. Gélase aliona. Mu bantu betu ni yeye peke yake aliona. Kila siku nilipomuona na baiskeli yake nilikuwa naona macho yenye ilinionaka ile saa, na sikuweza kumusamehe kwamba anajua na hasemi. Njo juu ya nini niliacha lile neno limumeze. Sina sababu ingine. Niliogopa kufa, halafu nikaogopa kujulikana, na mutu mwema amelipa yote mbili.

Usitoke, mutoto wangu. Ao toka, lakini sikia kwanza.

Mu bitana ya koti, upande wa moyo, nimeshona na uzi mweusi yale maneno kumi na mbili ya Kiingereza yenye Carelle alinipa nifiche, ile funguo. Bila ile mutu yeyote anaweza kuandika, lakini hawatajua ni mukono ule ule wa kwanza. Carelle atafungua nayo. Ataandika hivi, nimeshahesabu usiku na mchana: "Gelase alikomboa bantu 11, Bukavu 2004. Neno aliuza ni kosa ya Gaspard." Ni makumi saba na mumoja. Inabaki tisa. Nilitaka kujaza "samahani", na nafasi mbele yake, inaenea kabisa, kama nguo ya kupimwa. Lakini haiko yangu kujaza. Zile tisa ni za Vainqueur. Aandike kile anataka. Aandike jina ya baba yake. Akinitukana, Carelle, usimukatalie.

Halafu muonyeshe ku ukuta ya kanisa, ku ile ile ukuta, muzee Nizigiyimana asome, na Vénérande akae benchi ya pili. Masini yangu mumupelekee Vénérande kwa mikono yenu, muibebe, musiiweke ku baiskeli ya kabaza. Musimuambie ni zawadi. Baba yake alitoa tatu.

Noël, usimuchukie mutu juu yangu. Mupendane na huyu ndugu yako. Mungu awape... awape usingizi. Mi sikuupata. Nawabariki na hii mukono, ya kushoto, ile ingine... munajua ilishika nini.

Carelle. Karibu. Karibu zaidi, mama.

Niulize tena. Ile siku uliniuliza. Vidole vyako vilisimama... Niulize.

Ndiyo. Ya kwetu. Ni kuuza ya kwetu, mama. Ya kwetu.

Andika.