Roketi ya Jamhuri ya Sabini

Kwenye kona ya kuingilia mtaa wa Langas, mbele ya kibanda cha Macharia fundi wa redio, kulikuwa na benchi lililobeba watu wanne vizuri na watano kwa ubishi. Jioni hiyo ya mwaka wa themanini na tisa, Kimeli fundi baiskeli, ambaye kijiwe kizima kilimwita Roketi, alifika na daftari la binti yake Jelagat, uso umemshuka. Mtoto alikuwa ameandika insha juu ya kile baba yake alichokiona utotoni. Mwalimu kaipiga mstari mwekundu na kuandika: Uongo. Andika upya. Mzazi atie sahihi. Lakini kilichomuuma Kimeli hasa ni Jelagat kumuuliza kama kweli alimdanganya.

Basi akaisimulia tena habari hiyo, muuza kahawa akiwamiminia. Desemba ya sabini baba yake, mtu wa reli, alipata pasi ya likizo, akawapakia wote wa nyumbani kwenye treni mpaka Mombasa, kisha basi hadi Malindi kwa mjomba. Siku ya Jamhuri, mchana kweupe, moto ukapanda kutoka baharini, ukachora mstari mweupe, ukapotea. Mngurumo ulikuja baadaye, moto wenyewe umeshaenda. Baba, akidhani ni heshima za serikali, akawasimamisha wima mchangani, mikono mbavuni, kama kwenye wimbo wa taifa.

— Hiyo ilikuwa fataki, bana, alisema Macharia.

— Fataki ya mchana?

Nyongesa, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa hajawahi kukubali kushindwa, akasema ni jeshi lilikuwa linajaribu mzinga. Macharia naye akapandisha: labda manowari ya Warusi ililipuka. Hakimu akaona amalize kabisa.

— Hapa hata kikao cha harusi kinataka kibali. Hiyo roketi ilipewa kibali na chifu gani?

— Ilirushwa na Waitaliano, alisema Kimeli. Na chombo chenyewe kiliitwa Uhuru. Baba alisikia baadaye kwa redio.

Walicheka mpaka benchi likalia. Wazungu waite chombo chao Uhuru? Kimeli akatoa kalamu. Afadhali atie sahihi, mtoto aandike juu ya ng'ombe wa kwao Ainabkoi, mambo yaishe.

Warigia, mama aliyefungua duka hapo jirani juzi tu, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake cha kahawa.

— Samahani wazee. Hicho chombo kilienda kuangalia nini huko juu?

Hakimu akainamia kahawa yake. Macharia akajifanya anatafuta bisibisi. Miaka kumi na tisa watu walikuwa wakimuuliza Kimeli kama ni kweli. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo. Kimeli alisikia furaha ambayo hakuitarajia.

— Sijui, Mama, alisema. Hata mimi sijawahi kuuliza.

Akairudisha kalamu mfukoni, sahihi hakuitia.

— Kesho naenda shule na Jelagat. Tutamuuliza mwalimu. Na kama hajui, tutatafuta sisi watatu.