Koti Lenye Upindo Mpana

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi wa kupaka chokaa. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1975, akakomea hapo. Akili hazikumpungukia, ila viatu vya shule nyumbani vilikuwa jozi moja, navyo vilinunuliwa kwa kipimo cha kaka yake, mwenye miguu mikubwa zaidi.

Mwaka 1976 alipelekwa kwa fundi cherehani mzee, akafagia vipande vya nguo mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kushika mkasi. Mwaka 1983 aliweka cherehani yake kwenye baraza la duka la dawa, na hapo alishona sare za shule miaka arobaini na mmoja. Kila sare aliiachia upindo wa vidole vinne, ndiyo maana mtaa ukamwita Fundi Upindo. "Mtoto hukua, nguo haikui," alisema. Kila Januari wazazi walirudi nazo, naye akazirefusha bure. Kwake, kurefusha huko kulikuwa ahadi aliyoiweka siku alipokata kitambaa.

Tarehe 3 Desemba 1994 alifunga ndoa. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mwana mmoja.

Juni 2015 mwana huyo, akiwa na miaka kumi na tisa, aligombana na baba yake. Akasema mlangoni, "Mimi si mwanao tena. Usinitafute."

"Hilo umelisema wewe," marehemu akamjibu. "Mimi nilikuahidi koti la harusi. Nitalishona."

Wiki ileile alikata kitambaa cha buluu kwa vipimo vya zamani, akaacha upindo mpana kuliko wote. Kila Juni alifumua mishono, akatanua mabega kidogo. Wapita njia walimtania, "Fundi, hilo koti la nani, la upepo?" Naye akacheka pamoja nao. Mkewe hakucheka. Yeye alikuwa akichungulia dirishani kila lango lilipolia, na chakula cha mtu wa tano kikipoa mezani.

Siku moja uvumilivu ulimwisha. "Baba watoto, agano ni la watu wawili. Mwenzio amekwenda zake."

Marehemu akaweka chaki chini. "Siku ya agano lake na Mungu, Ibrahimu alipasua wanyama, akavipanga vipande huku na huku. Nani alipita katikati?"

"Mungu."

"Na Ibrahimu?"

"Alikuwa amelala."

"Basi. Mungu alipita peke yake, mama watoto. Alijifunga peke yake."

"Na Ibrahimu alipata nini? Nchi yote aliahidiwa, akafa na kiwanja cha makaburi!"

"Kweli," akasema. "Lakini wajukuu wa wajukuu wake waliingia. Mungu hakusahau eti kwa kuwa Ibrahimu amekufa."

Tarehe 11 Februari mwaka huu kiharusi kilimpiga mkono wa kulia. Koti lilikuwa limebakiza mkono mmoja kushonwa. Mkewe, ambaye maisha yake yote alijua kushona vifungo tu, alikaa nalo kando ya kitanda cha mumewe, naye marehemu akamwelekeza: "Vuta polepole. Polepole! Hulimi shamba." Mkono ule wa koti ulikaa upande. Akautazama, akasema, "Atauvaa hivyohivyo."

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amegeuka kukata uzi wa mwisho. Alipogeuka amwonyeshe, hakuwa na wa kumwonyesha. Namba za simu za mwana, zote tatu, hazikupatikana.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mwana mmoja. Mwana anahesabiwa hapa, kwa sababu baba yake hakuwahi kumtoa kwenye hesabu. Kama yupo miongoni mwenu, au mmoja wenu atakutana naye, aambiwe koti limetundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Likimbana, upindo upo. Mama yake amejifunza kufumua.

Fundi amelala, kama Ibrahimu alivyolala. Apumzike kwa amani; Mwenye agano yu macho.