Vifurushi Thelathini na Saba na Barua Isiyotumwa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, mnaombwa mkae, walio nje wasogee karibu na dirisha, maana historia hii si fupi, na aliyepewa kuisoma ni mdogo wake wa kiume, mdogo pekee aliyekuwa naye, ambaye aliikataa kazi hii mara mbili na mara ya tatu akaikubali, kwa sababu ambayo ataieleza humu ndani asipokimbia njiani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Julai 1973, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha madaftari, ambako baba yake alikuwa mpiga chapa na mama yake mshonaji wa majalada, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na wa pili ndiye huyu mnayemwona amesimama. Alianza shule ya msingi Januari 1980, ile ya ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1986, akaingia sekondari ya wasichana 1987 na kuhitimu Novemba 1990, na walimu wakaandika kwenye cheti chake kwamba ni mtulivu, msafi, na ana tabia ya kusahihisha tena kazi iliyokwisha kusahihishwa, maneno ambayo baba aliyasoma kama malalamiko na mama akayasoma kama sifa. Mwaka 1992 hadi 1993 alisomea utunzaji wa kumbukumbu, na tarehe 1 Februari 1994 akaajiriwa karani wa masjala katika idara ya maji, chumba namba nne, ghorofa ya chini, kile chenye dirisha linalotazamana na ukuta, akakaa humo miaka ishirini na tisa bila kupoteza jalada hata moja, na wenzake wa kazini walioko hapa ni mashahidi.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, mtu wa mizaha na mikono mikubwa, ambaye aliitwa masjala kutengeneza feni, kazi ya nusu saa akaifanya kwa siku nne, na ya tano akaja bila bisibisi. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1998, ambaye leo ni mpima ardhi katika mji mwingine, na kijana aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2001, ambaye yuko masomoni na amefika jana jioni. Shemeji alitutoka ghafla tarehe 3 Oktoba 2012, nyumba ikapungua kelele, na Aprili 2014 mdogo wa marehemu, ambaye duka lake la vipuri vya baiskeli lilikuwa limekufa kifo cha kawaida, alihamia kwa dada yake kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo zikawa miaka tisa ya kula na kulala.

Marehemu alikuwa na kazi ya pili, ambayo wengi wenu mtaisikia leo kwa mara ya kwanza, na kosa la kutoisikia si lenu. Mfumo endeshi, kwa wasioujua, ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuisimamia, na upo mmoja ambao hauuzwi wala hauna tajiri, unatengenezwa na watu waliotawanyika duniani, kila mmoja akikabidhiwa vifurushi vyake, kifurushi kikiwa ni programu ndogo iliyokaguliwa, ikafungwa vizuri, ikatiwa saini ya mtunzaji wake, ili mtu yeyote akiiweka kwenye mashine yake asiwe na wasiwasi. Mwaka 2004 idara ya maji ilitupa kompyuta mbovu, marehemu akaiomba, fundi wa kompyuta wa pale ofisini akamwekea mfumo huo, kila kitu kikakubali isipokuwa printa, marehemu akaandika kuuliza, na kesho yake akajibiwa kwa upole na mtu asiyemjua, aliyemwelekeza mstari kwa mstari mpaka karatasi ikatoka, na mwenyewe alisimulia kwamba alipoiona karatasi ile machozi yalimtoka, akaona haya kulia kwa ajili ya printa, akaenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo alianza kuwasaidia, akajifunza, akakosea, akasahihishwa, na tarehe 22 Mei 2006 akapokelewa rasmi kuwa mtunzaji, akakabidhiwa kile kifurushi cha printa, na hadi mwisho alikuwa na vifurushi thelathini na saba.

Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na Jumamosi mpaka saa sita, alikaa kwenye meza ya jikoni akisoma matoleo mapya, akiyajaribu kwenye mashine zake mbili, programu yenye tundu akiishonea kiraka, akitia saini na kutuma, na aliyeleta malalamiko alijibiwa siku hiyohiyo, hata yule aliyetukana, kiasi kwamba kwa miaka kumi na saba hakuna barua iliyolala mezani kwake bila jibu. Akiitwa chai alisema ngoja kidogo namalizia, ndipo tukambandika jina la Bi Ngoja, na mdogo wake, ambaye ulimi wake ndio kitu pekee alichokifanyisha kazi miaka ile, aliwaambia wageni kwamba dada yake anafua bure nguo za watu asiowajua, wageni wakacheka, naye marehemu akacheka pamoja nao, akaendelea na kazi. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuvuta kiti na kumuuliza anafanya nini.

Wenzake hao wa mbali wana desturi moja ambayo ni lazima muijue. Kifurushi chenye jina la mtu hakiguswi na mwingine hivihivi, mwenyewe anaandikiwa, anasubiriwa, na akikaa kimya siku ishirini na moja anaandikwa kwenye orodha iliyo wazi kwa dunia nzima kwamba ametelekeza, kisha kifurushi kinapewa mtu mwingine, na kilichoandikwa kwenye orodha hiyo hakifutwi. Panapokuwa na hatari wanaweza kufupisha siku, lakini kwa marehemu hawakufupisha, kwa kuwa walimjua kuwa ni mtu wa kujibu, wakaona ni dharau kumpokonya mtu kama huyo kazi yake.

Januari 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa figo zake zimechoka, na tarehe 6 Machi akalazwa katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Daktari alimkataza kazi yoyote, simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo tarehe 8 Machi alimwita mdogo wake, akamweleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kusoma saa, kwamba kwenye kompyuta mpakato iliyobaki nyumbani kuna barua aliyokwisha kuiandika, inayosema anaumwa na anavikabidhi vifurushi vyote kwa wenzake, imebaki kuchomeka kile kidude kidogo kilicho kama muhuri wake, kuandika neno la siri, na kubonyeza mahali palipoandikwa tuma. Mdogo wake aliitikia ndiyo dada, ndiyo dada, akafika nyumbani, akafungua kompyuta, akachomeka kidude, neno la siri likakataa mara moja, mara moja tu, ndugu zangu, akasema ah, kesho, akaanza kuangalia filamu.

Shangazi alishauri kwamba kuanzia hapa tuseme tu aliugua akafariki, ya nyumbani yabaki nyumbani, na alisema hivyo kwa huruma, lakini jina la mtu limechafuka mbele ya watu wengi na aliyelichafua anajulikana.

Kesho yake marehemu aliuliza kama barua imekwenda, mdogo wake akasema imekwenda, na kwa kuwa uongo ulimtoka kirahisi akauongezea chumvi, akasema wamejibu, wanakusalimia sana, wanakushukuru, wanasema upone haraka, na marehemu alifurahi, akafunga macho, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba watu wake wa mbali wamemletea salamu. Tarehe 13 Machi likagundulika tundu katika kifurushi kimoja cha marehemu, kile kinachofungua picha, tundu ambalo mtu mbaya akilijua angeweza kutuma picha moja tu na kuingia kwenye mashine ya mwenzake, na wenzake wakaanza kumwandikia, kwanza kwa heshima, kisha kwa wasiwasi, kisha kwa ufupi. Barua hizo kumi na moja zilijitokeza moja baada ya nyingine kwenye pembe ya kioo, zikiziba maandishi ya filamu, na mdogo wake alizifunga moja baada ya nyingine bila kuzisoma, na tarehe 3 Aprili jina la dada yetu likaandikwa kwenye orodha ya waliotelekeza.

Zile salamu za uongo ndizo zilizomwumbua, kwa sababu marehemu alitaka kuzisoma kwa macho yake, akawa anaomba aletewe kompyuta, mdogo wake akawa anampiga chenga, leo chaja imeharibika, kesho amesahau, mpaka tarehe 5 Aprili binti wa marehemu alipofika kutoka safari na kuibeba, pamoja na kile kidude cha muhuri, bila kumuuliza mtu. Marehemu alisoma barua zote kumi na moja, akaisoma orodha, akaiona barua yake mwenyewe bado imelala palepale alipoiacha, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda akitamani ardhi ipasuke, kisha akaomba ainuliwe mto. Kuanzia daktari alipomaliza mzunguko wake mpaka saa kumi jioni, binti akiwa ameishikilia kompyuta, mkono mmoja ukiwa na dripu, nesi akifoka kwamba hapa si ofisi, marehemu alikishona kiraka cha tundu lile, akakijaribu, akakuta kosa, akakishona upya, akatia saini, akatuma, halafu akawaandikia wenzake mistari mitatu, kwamba anawakabidhi vifurushi vyote, kwamba uzembe huu ni wake mwenyewe, na kwamba anaomba radhi. Hakuandika kuwa yuko hospitali, wala hakumtaja mtu, na alipomaliza alimwambia mdogo wake neno moja tu siku ile, aende akale, maana hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Jibu lililomfikia akiwa hai ni moja, la tarehe 6 Aprili, lililosema asante, ila ungetuambia mapema, na binti alimsomea kwa kuwa aliomba asomewe, naye akasema ni kweli. Tarehe 11 Aprili 2023, siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, marehemu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa na miezi tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na kwa namna ya pekee yule nesi aliyefoka, ambaye baadaye alisogeza stuli akakaa akiushika ule mkono wa dripu usitikisike, inawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliolala hapa, inawashukuru wenzake wa masjala waliofunga chumba namba nne kuja kumzika, na inawashukuru wale wa mbali, ambao mdogo wake aliwaandikia ukweli wote tarehe 12 Aprili, kwa jina lake yeye mwenyewe, nao wakajibu kwa wingi, na aliyeandika ungetuambia mapema aliandika mara mbili. Wamesema orodha yao haifutwi, hata kwa ajili ya marehemu, hivyo ule mstari upo na utabaki, lakini chini yake sasa upo mwingine, wa mdogo wake, unaosema aliyetelekeza ni nani. Wanaotaka kumlaumu baada ya mazishi wasisite, yupo, na hatakwenda popote.

Dada, hukutelekeza kitu. Lala kwa amani.